Majira ya Joto Oxford: Unalipia Masomo au Chumba?

Mwaka wa masomo wa Oxford ni mfupi kuliko wengi wetu tunavyodhani. Una mihula mitatu ya wiki 8 kila mmoja, na Juni ikiisha wanafunzi wa shahada ya kwanza wameshafungasha, hawarudi hadi Oktoba. Nyuma yao zinabaki koleji zaidi ya 30, yaani taasisi ndogo zinazounda chuo kikuu hiki ambamo wanafunzi huishi na kusoma, vyumba vitupu, na kumbi za chakula ambazo gharama za kuzitunza hazijui likizo. Hapo ndipo biashara inapoanza. Julai na Agosti koleji hukodisha nafasi kwa mikutano, kwa watalii, na kwa kampuni zinazoendesha kozi za wiki mbili tatu kwa vijana kutoka kila pembe ya dunia, wa kwetu wakiwemo.

Kulala ndani ya koleji ya Oxford si kusoma Oxford, na matangazo mengi hulipita jambo hili mbio mbio. Chuo kikuu kina idara yake ya elimu endelevu inayotoa kozi za majira ya joto, na baadhi ya koleji, kama Exeter, zina programu zao zenyewe. Lakini kozi nyingi zinazotangazwa kwa picha za minara ile ni za kampuni binafsi zilizokodi jengo, na cheti chake ni cha kampuni. Chuo chenyewe hakifichi kwamba hakihusiki nazo, na kuhudhuria hakumwongezei mwombaji nafasi ya kudahiliwa. Siuiti utapeli. Zipo zinazofundisha vizuri na kutunza watoto vizuri. Ila mzazi anayeuza kiwanja kwa sababu ya jina ajue jina hilo liko kwenye jengo tu.

Na ni kiwanja kweli. Kozi ya wiki mbili yenye malazi inaweza kufika pauni 5,000, nauli ya ndege bado. Hizo ni zaidi ya shilingi milioni 15 za Tanzania, fedha zinazolipa ada ya shahada nzima ya miaka mitatu pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na nyingine ikabaki ya kumtunza mwanafunzi.

Historia ya jambo hili ndiyo inayonifanya nisiwe mwepesi wa kulikejeli. Oxford imekuwa ikifundisha tangu mwaka 1096 kwa uchache, na kwa karne nyingi mlango wake ulikuwa wa wanaume wachache. Mwaka 1878 chuo kilianza kupeleka wahadhiri katika miji ya Uingereza kuwafundisha watu wasioweza kuingia chuoni, na Agosti 1888, wakati huo Michael Sadler akiwa katibu wa shughuli hiyo, wanafunzi hao wa mijini wakaalikwa Oxford kwenyewe kwa mkutano wa majira ya joto. Mamia walikuja. Wengi walikuwa wanawake, walimu wa shule hasa, miaka 32 kabla Oxford haijakubali kumpa mwanamke shahada. Baadaye koleji ya Balliol ikawapokea wafanyakazi wa viwandani waliokuwa wamejiunga na madarasa ya jioni. Kwa maneno mengine, kozi ya majira ya joto ilibuniwa kwa ajili ya waliozuiwa getini. Leo bei yenyewe ndiyo imekuwa bawabu.

Chuo kinalijua hilo, kwa upande wake. Tangu 2010 kinaendesha programu ya bure iitwayo UNIQ kwa wanafunzi wa shule za serikali, na waliopita humo hudahiliwa kwa kiwango kizuri kuliko waombaji wengine. Kasoro kwetu ni moja: ni kwa shule za serikali za Uingereza tu.

Sasa, mtu akienda anapata nini? Kama kozi ni ya kweli, anapata kikao cha mwanafunzi mmoja hadi watatu na mwalimu wao, saa nzima, juu ya insha aliyoiandika mwenyewe wiki hiyo. Aliyezoea ukumbi wa watu 400 na kudesa siku mbili kabla ya mtihani hana pa kujificha. Sentensi yake inasomwa kwa sauti, anaulizwa umejuaje hili, na jibu la "mhadhiri alisema" halipokelewi. Nimewasikia waliopitia mfumo huo wakisema wiki ya kwanza ilikuwa fedheha na ya tatu ilikuwa raha, na siwezi kubisha. Kozi yenye mihadhara asubuhi na matembezi ya mashua mchana haina kitu hicho. Iite utalii wenye daftari, nao si haramu, mradi bei iwe ya utalii.

Kuna sababu nyingine ambayo kwa mwanafunzi wa historia wa Afrika Mashariki naiona nzito kuliko kozi yenyewe. Maktaba ya Bodleian, iliyofunguliwa mwaka 1602, ina katika jengo lake la Weston nyaraka nyingi za maofisa wa kikoloni waliotawala Tanganyika, Kenya na Zanzibar, pamoja na kumbukumbu za Misheni ya Vyuo Vikuu, ile misheni ya Kianglikana iitwayo UMCA, iliyohamia Zanzibar mwaka 1864 na kujenga kanisa lake Mkunazini palipokuwa soko la watumwa. Misheni hiyo ilizaliwa na wito wa Livingstone alioutoa Cambridge mwaka 1857. Barua zinazozungumza juu ya mababu zetu ziko huko, na mtafiti wa nje akijitambulisha ipasavyo anaweza kupewa kadi ya kusomea bila kujiandikisha kozi yoyote. Atakayesema ni dhuluma kuomba viza ili kusoma habari za kijiji chako ana hoja, na sina la kumjibu. Lakini mwenye tasnifu ya kukabidhi mwaka huu hawezi kusubiri masanduku yale yarudishwe. Aanze na Nyaraka za Taifa na zile za Kilimani, Zanzibar, kisha aende na orodha ya anachokosa.

Kuna pia suala la kalenda, ambalo mawakala hawaligusi. Mwanafunzi wa chuo Tanzania, Julai hadi Septemba mara nyingi yuko field, yaani mafunzo kwa vitendo. Kijana aliyemaliza kidato cha sita anaweza kuwa JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, huku dirisha la udahili likifunguliwa. Mmarekani anayekwenda Oxford wiki sita huwa amepangiwa na chuo chake, na masomo yale yanahesabiwa nyumbani. Wetu akirudi bila makubaliano na idara yake, amebaki na picha, cheti, na field ambayo hakuifanya. Na viza ya mgeni, inayoruhusu masomo ya hadi miezi sita katika taasisi zinazotambuliwa, inadai zaidi ya pauni 100 ambazo hazirudi ukinyimwa.

Kwa hiyo kwa mtoto wa sekondari ambaye familia inajinyima ili aende, mimi nasema hapana. Afadhali fedha hizo zimngojee shahada ya uzamili, ambako ufadhili kama wa Rhodes nao uko wazi kwa vijana wa ukanda huu, ingawa jina la mwanzilishi wake, mkoloni Cecil Rhodes, bado linawakera wengi, nami nikiwemo. Kwa mwalimu au mwanafunzi wa mwaka wa mwisho mwenye swali lake mahususi, na hasa akipata mfadhili, ningemsukuma apande ndege. Kabla ya kulipa aulize nani atasoma insha zake. Kampuni isiyoweza kumtaja mwalimu huyo kwa jina, nisingeipa hata ada ya fomu.