Samansi kwa Mwenye Minazi, Kimya kwa Mthamini

Serikali ya Kenya inapotaka kutwaa shamba la mtu ili ipitishe barabara au reli, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inaitaka Tume ya Kitaifa ya Ardhi iitishe kikao cha uchunguzi, baada ya siku zisizopungua 30 tangu notisi ya kusudio ichapishwe, ili wenye maslahi katika ardhi hiyo wasikilizwe na madai yao ya fidia yapokewe. Katika kikao hicho, kifungu cha 112 kinaipa Tume mamlaka yote ya mahakama ya kuita mashahidi, kuwaapisha, kuwahoji na kulazimisha hati za umiliki ziwasilishwe. Mamlaka hayo ni mazito na siyapingi. Ninalolilalamikia ni upande yanakoelekea.

Kifungu hichohicho kinampa mwenye ardhi haki ya kuleta ushahidi na kuita na kuhoji mashahidi. Hata hivyo, kuita si kulazimisha. Mkulima anaweza kumwomba mthamini aje aeleze kwa nini minazi yake ilihesabiwa kwa bei ile, lakini mthamini akikataa, mkulima hana samansi ya kumpelekea. Samansi iko kwa Tume, ambayo ndiyo inayotwaa, inayochunguza na inayopanga fidia. Sitasema kwamba ni kesi ya nyani hakimu ngedere, ingawa namwelewa anayesema hivyo.

Pwani ndiko jambo hili linakouma zaidi. Zipo familia zilizoishi kwa vizazi katika mashamba ambayo hati zake zinashikwa na wenyewe wasioonekana, na kifungu cha 40(4) cha Katiba ya 2010 kinaruhusu walioikalia ardhi kwa nia njema walipwe hata kama hawana hati. Ushahidi wa watu hawa ni mzee anayejua nani alipanda mwembe ule, makaburi yaliyo kando ya kisima, na ramani za mpima zilizofungiwa katika kabati la ofisi. Mzee atakuja kwa kuombwa tu. Afisa anayetunza ramani haji bila wito wenye nguvu ya sheria.

Tangu marekebisho ya 2019, asiyeridhika huenda kwenye baraza maalumu la mizozo ya utwaaji, na rufaa inayotoka huko kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi imebanwa kwenye hoja za sheria na kasoro za utaratibu. Kwa hiyo ukweli usioandikwa mapema ni vigumu kuupata baadaye.

Ningependa kanuni ziseme waziwazi kwamba mdai anaweza kuomba kwa maandishi shahidi fulani aitwe, na kwamba Tume ikikataa iandike sababu zake katika kumbukumbu za kikao. Vikao vitarefuka kidogo, nakubali, na wajenzi watanung'unika. Kama ni wito mmoja tu utakaoruhusiwa kwa kila shamba, basi aitwe mthamini.