Kura moja ya Agosti 1941

Wanaotunga hadithi za "ingekuwaje" kuhusu Marekani hupenda kumwingiza Charles Lindbergh Ikulu: rubani shujaa anambwaga Rais Franklin Roosevelt mwaka 1940, nchi inajifungia, Hitler anaachiwa Ulaya. Hadithi hizo zinaniudhi. Zinatuaminisha kwamba siasa ya kujitenga, ya kukataa kujiingiza katika vita vya wengine, haina madhara mpaka ishike urais.

Mtu wa kumtazama ni Burton Wheeler, seneta wa Montana kutoka chama cha Democratic. Urais hakuupata kamwe. Lakini mapema 1941, ulipokuja muswada wa kuipatia Uingereza silaha kwa mkopo, alisema utafukia ardhini kila kijana wa nne wa Kimarekani. Wakulima walimwelewa mara moja, maana miaka michache nyuma serikali ya Roosevelt iliwalipa wafukie mazao kwa plau ili bei ipande. Roosevelt alighadhibika. Muswada ulipita, akautia saini tarehe 11 Machi, ila hofu aliyoichochea Wheeler ilibaki vijijini.

Ilionekana tarehe 12 Agosti. Vijana walioandikishwa jeshini kwa lazima tangu 1940 waliahidiwa mwaka mmoja tu, na sasa serikali ilitaka kuwaongezea muda. Kambini walichora herufi OHIO kutani, kifupi cha "Over the Hill in October", kiapo cha kutoroka ikifika Oktoba. Baraza la Wawakilishi likapiga kura: 203 kwa 202. Spika Sam Rayburn alitangaza matokeo na kuufunga mjadala haraka, kabla mtu hajabadili msimamo. Haikutimia miezi minne, Japani ikashambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii.

Mbunge mmoja tu angegeuka, jeshi lingekuwa linawarudisha nyumbani vijana waliokwisha kufunzwa, huku Japani ikijiandaa kushambulia. Bila Lindbergh Ikulu, bila mapinduzi.

Na nisimwonee Wheeler. Lindbergh, akihutubia mjini Des Moines, Iowa, Septemba ile, aliwataja Wayahudi miongoni mwa wanaoisukuma nchi vitani, na hilo halina utetezi. Ila wengi waliopinga vita walikuwa wanakumbuka Wamarekani zaidi ya 100,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Wheeler mwenyewe aliunga mkono vita baada ya Pearl Harbor. Hadithi ninayoitamani ni ya mbunge mmoja wa jimbo la mashambani, mwenye rundo la barua za akina mama mezani, anayesubiri jina lake liitwe.