“Mjomba, Hilo Huwa Halitoki”

Jumapili iliyopita mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, alikuja kwangu Tabata kujisomea kwa kuwa mtaani kwao umeme ulikatika tangu asubuhi. Mkononi alikuwa na desa la kozi ya mifumo endeshi, yaani programu kuu zinazoiendesha kompyuta nzima, alilotoa kopi steshenari, kurasa arobaini na kitu zilizobanwa kwa pini, lenye maswali ya mitihani ya miaka minne pamoja na majibu yake. Swali la kwanza lilikuwa lile lile kila mwaka: taja na ueleze kazi saba za mfumo endeshi. Nikamwomba anijibu, naye akazitaja zote saba kwa Kiingereza, kwa mpangilio wa kwenye karatasi, bila kukosea neno. Kisha nikamuuliza jambo moja tu: nyuzi mbili za programu moja, yaani kazi zake mbili zinazokwenda sambamba, zikiigusa nambari moja kwenye kumbukumbu kwa wakati mmoja, nini hutokea? Akalifunua desa, akalifunika, akanijibu kwa upole kabisa, “Mjomba, hilo huwa halitoki.”

Sikumkasirikia yeye. Anajua kwamba kinachompa alama ni kile kinachotoka, na kijana anayesoma kwa mkopo hawezi kulaumiwa kwa kushikilia kinachotoka. Kilichoniuma ni kwamba kozi ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko zote katika shahada ya kompyuta imegeuzwa kuwa orodha ya kukariri, na kwamba mwanafunzi anaweza kuipata kwa A bila kuwahi kufungua hata kerneli moja, yaani kiini cha mfumo endeshi, kuibadilisha mstari mmoja, kuiona ikifa mbele ya macho yake na kutafuta kwa nini imekufa. Hakuna fundi magari wa Gerezani aliyepewa ufunguo wa gari la mteja kwa sababu alitaja sehemu saba za injini. Sioni kwa nini sisi tunaokabidhiwa fedha za watu na majalada yao ya hospitali tupimwe kwa kipimo chepesi kuliko hicho.

Nikalifunga lile desa, nikafungua kompyuta, nikamwambia aandike kwa lugha ya C programu isiyozidi mistari 30: nambari moja inayoanzia sifuri na nyuzi mbili, kila uzi ukiiongeza nambari hiyo moja moja mara 1,000,000. Aliandika bila shida. Kabla hajaiendesha nikamuuliza anatarajia jibu gani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbili na mbili ni ngapi. Akaiendesha. Jibu halikufika hata milioni moja na nusu. Akaiendesha tena, likatoka jingine, dogo zaidi. Mara ya tatu, ya nne, ya tano, kila mara ikatoka nambari mpya, bila onyo wala ujumbe wa kosa. “Mjomba, labda mashine ina tatizo,” akasema.

Hapo nikamsimulia habari ya daftari la bibi yake. Mama yangu alikuwa na duka la rejareja Buguruni, na mimi na kaka yangu tulimsaidia kuuza baada ya shule. Idadi ya soda zilizobaki iliandikwa kwenye daftari. Siku moja idadi ilikuwa 48. Mimi niliisoma hiyo 48, nikaenda kumhudumia mteja wa soda mbili. Kaka naye aliisoma 48 ile ile, akauza tatu. Niliporudi nikaandika 46. Yeye aliporudi, akiwa na hesabu yake kichwani, akaikata 46 yangu na kuandika 45. Kwenye kreti zilikuwamo 43. Mama akauliza soda mbili zimekwenda wapi, na jioni ile tuliadhibiwa wote wawili kwa wizi ambao hakuna aliyeufanya. Ilipotokea mara ya pili alikaa na daftari usiku kucha mpaka akauona mchezo ulivyokwenda. Asubuhi tukakuta kalamu imefungwa kwenye daftari kwa kamba ya katani, na sheria ikawa moja: asiyeshika kalamu asiandike, na wala asisome.

Mpwa wangu alisema ameelewa, akaweka kufuli kwenye programu yake, yaani amri inayoruhusu uzi mmoja tu kupita kwa wakati mmoja. Lakini aliliweka pale tu nambari inapoandikwa, kusoma akakuacha nje ya kufuli, na jibu likawa pungufu vile vile. Nilinyamaza kwa makusudi. Alikaa kama dakika 20 akiikagua ile programu, akiirudia sheria ya bibi yake kwa sauti ya chini, mpaka alipofika kwenye neno “asisome” akasimama hapo. Akalisogeza kufuli mstari mmoja juu, akaendesha, ikatoka 2,000,000. Aliendesha mara kumi, na mara zote kumi ilikuwa hiyo hiyo. Kisha, bila kuulizwa na mtu, akaona kwamba programu sasa inachukua muda mrefu kuliko mwanzo, akataka kujua kwa nini. Uzi unaosubiri kufuli hufanya nini: hukesha mlangoni ukizunguka na kula muda wa prosesa, au hulala mpaka uamshwe? Ukilala, nani anauamsha? Na kama mwenye kufuli ameondolewa kwenye prosesa kabla hajalifungua, wanaosubiri watasubiri hadi lini? Hayo ndiyo maswali ya kozi yenyewe, na aliyafikia mwenyewe katika alasiri moja, baada ya desa la miaka minne kumzungusha mbali nayo.

Najua wapo watakaosema kwamba soda mbili si hoja. Shangazi yangu alipata tiba ya mionzi hapa jijini, na mimi ndiye niliyekuwa nikimsindikiza. Kila alipoingia kwenye kile chumba na mlango mzito ukafungwa, nilikaa kwenye benchi nikiifikiria Therac-25, mashine ya tiba ya mionzi ambayo kati ya mwaka 1985 na 1987 iliwapa wagonjwa wa Marekani na Kanada mionzi iliyopita kiasi katika matukio sita yanayojulikana, na baadhi yao wakafariki. Miongoni mwa visababishi lilikuwamo kosa la daftari letu: sehemu mbili za programu zikishiriki taarifa moja bila kulindana, kiasi kwamba mhudumu mwenye vidole vyepesi aliyesahihisha maelezo ndani ya sekunde nane aliiacha skrini ikisema jambo moja na mashine yenyewe ikiwa imejipanga kwa jambo jingine. Mashine zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vya vifaa ambavyo vingeuzuia mwale huo. Kwenye hii kazi hiyo iliachiwa programu peke yake. Nasema kwa moyo wangu wote kwamba sitaki mtu ambaye kwake “hilo huwa halitoki” aandike programu ya mashine atakayolazwa chini yake mzazi wa mtu yeyote.

Historia ya somo hili inatushuhudia vibaya. Katika miaka ya 1970 John Lions, mwalimu wa Chuo Kikuu cha New South Wales huko Australia, aliwapa wanafunzi wake msimbo chanzo, yaani maandishi yenyewe ya programu, wa toleo la sita la mfumo endeshi wa Unix, takribani mistari 9,000, pamoja na ufafanuzi wake, ili wausome wote. Leseni ya toleo la saba, mwaka 1979, ilipozuia msimbo huo kufundishwa darasani, Andrew Tanenbaum wa Amsterdam hakukubali kubaki na nadharia tupu; aliandika mfumo mzima wa kwake, Minix, akautoa mwaka 1987 ili wanafunzi wapate kitu cha kufungua na kufumua. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliununua na kuutumia, na mwaka 1991, akiwa na miaka 21, akatangaza kerneli yake mwenyewe. Kerneli hiyo, Linux, ndiyo iliyo ndani ya simu za Android zinazoshikwa na abiria wa mwendokasi kila asubuhi kutoka Kimara hadi Kivukoni. Tunaishika viganjani kutwa nzima, halafu hatuiruhusu kuingia darasani.

Nakubali, ingawa kwa shingo upande, kwamba mhadhiri mmoja mwenye mamia ya wanafunzi hawezi kusoma msimbo wa kila mmoja wao, na kwamba swali la kutaja na kueleza husahihishwa haraka. Hilo ni kweli na linaumiza pande zote mbili. Lakini mazoezi ya kerneli husahihishika kwa programu: ama mchakato mtoto, yaani programu inayoendeshwa iliyozaliwa na nyingine, umezaliwa na kumbukumbu yake sahihi, ama haukuzaliwa. Kuhusu vifaa sikubali hata kidogo. MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, waliandaa mwaka 2006 mfumo mdogo wa kufundishia, xv6, wenye msimbo mfupi ambao mtu anaweza kuusoma wote katika semista moja, na wanautoa bure. Huendeshwa ndani ya programu inayoigiza kompyuta, hivyo ukiivunja kerneli yako hujavunja mashine ya mtu. Unaiwasha upya na kuanza tena. Kompyuta mpakato kuukuu ya Kariakoo inaumudu.

Kuhusu lugha nitasema machache, kwa kuwa linastahili makala yake. Mihadhara ni kwa Kiingereza na mtihani ni kwa Kiingereza, lakini kwenye vimbweta jioni wanafunzi wanabishana kwa Kiswahili, na ni huko kwenye vimbweta ndiko somo huingia. Mhadhiri anayewaacha wanafunzi waeleze mkwamo wa kufuli kwa mfano wa daladala nne zilizobanana kwenye makutano, kila moja ikimsubiri mwenzake arudi nyuma, hajashusha hadhi ya kozi. Amehakikisha tu kwamba kinachojibiwa kimeeleweka.

Jumapili ile mpwa wangu aliondoka saa mbili usiku akiwa na xv6 kwenye kompyuta yake na zoezi moja nililompa: mchakato unapozaa mtoto, asinakili kumbukumbu yote ya mzazi papo hapo, bali awaache wawili hao washiriki kurasa zile zile, yaani vipande vya kumbukumbu vya baiti 4,096 kila kimoja, kwa kusoma tu, kisha ukurasa unakiliwe siku mmojawapo atakapotaka kuandika. Nilimweleza kwamba zoezi hilo litamtesa, na kwamba halitamwongezea alama hata moja.

Jumatano usiku, saa sita kasoro, simu yangu ililia. Alikuwa amenitumia picha ya skrini nyeusi, kerneli imekufa katikati ya kuwaka, na chini yake ameandika: “Mjomba, mtoto akimaliza kazi anaondoka na ukurasa ambao mzazi bado anautumia. Nahesabu wapi idadi ya wanaoushiriki?” Nikamwuliza kama hesabu hiyo ina kufuli. Akakaa kimya dakika kadhaa, kisha akaandika kwamba hana kufuli pale, na kwamba anajua mahali pa kuliweka. Mtihani wake ni wiki ijayo, na kazi saba bado anazikumbuka.