Gogo bovu msituni sio kuni

Juzi kwenye grupu letu la WhatsApp jamaa mmoja katuma voisi ya dakika nne, anasema Wazungu wamezidi, mahakama nzima inakaa kutetea miti iliyokufa na wadudu. Imeniuma, nikaona nijibu huku kwa urefu.

Kaka, kesi ile ni ya msitu wa Białowieża, Poland. Machi 2016 waziri wa mazingira wa wakati ule, Jan Szyszko, aliruhusu ukataji uongezeke karibu mara tatu, sababu ni wadudu wanaotoboa magome ya mispruzi, miti ya kule inayofanana na misonobari. Wadudu kweli walikuwepo na miti ilikuwa inakauka, hapo sibishi. Ila msitu ule uko ndani ya Natura 2000, yaani mtandao wa maeneo yanayolindwa na Umoja wa Ulaya, na sheria ya Ulaya ya 1992 inataka uhakikishe kwanza hutaharibu ndo uguse. Hawakuhakikisha.

Mimi nimekulia Lushoto, kwetu tawi kavu ni kuni, bibi akiliona njiani haliachi. Kwa hiyo siku ya kwanza naingia Białowieża nikakuta magogo makubwa yamelala yanaoza nikajua huu ni uzembe tu. Mpaka dada aliyekuwa anatuongoza akainua kipande cha gome kwa vidole viwili, chini yake mdudu bapa, mwekundu kama pilipili, katulia. Huyo haishi kwingine, ni chini ya gome la mti uliokufa, na sheria inamtaja kwa jina. Akarudishia gome taratibu kama anamfunika mtoto shuka.

Halafu kuna kigong'ota wa vidole vitatu, ambaye chakula chake ni viluwiluwi vya wale wale wadudu wanaokausha mispruzi, sasa ukilibeba gogo umembebea chakula chake na umemfukuza mtu aliyekuwa anakusaidia kazi!

Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamuru Poland wasimamishe ukataji Julai 2017, misumeno ikaendelea kulia. Novemba ikasema faini ni angalau euro 100,000 kwa kila siku, ndo mashine zikatoka. Hukumu yenyewe ikaja Aprili 2018, Poland ikashindwa.

Kinachoniuma ni ile miezi ya katikati. Kuna kisiki kimoja kando ya njia, nilichuchumaa nikaanza kuhesabu miduara yake kutoka nje, mmoja kwa kila mwaka, nikavuka mia moja na bado sijafika katikati.