"Asiyeridhika aende mahakamani": aende na karatasi gani?

Binti wa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, aliomba kazi serikalini. Alipita usaili wa mchujo, akapita wa vitendo, akabaki na mahojiano. Mmoja wa wanajopo akamuuliza, "Umeolewa? Una mpango wa kuzaa karibuni?" Akajibu kwa heshima, akatoka. Matokeo yalipobandikwa, namba yake haikuwemo. Alipopiga simu kuulizia, akaambiwa asiyeridhika aende mahakamani. "Anko, ndiyo basi tena?" akaniuliza.

Hapana, mwanangu, si basi.

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza kumbagua mtu kwa jinsia, ujauzito au hali yake ya ndoa, na kinamkinga hata mwombaji kazi. Tena ukishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakukubagua. Najua wakili wa Serikali atasimama na kifungu cha 32A cha Sheria ya Utumishi wa Umma, kile kinachomtaka mtumishi amalize kwanza njia za ndani ya utumishi. Sawa, lakini huyu si mtumishi! Utumishi ndio alionyimwa. Njia gani za ndani amalize mtu aliyeachwa nje ya geti?

Kinachoniumiza zaidi ni muda. Kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unafunguliwa ndani ya siku 60. Ukitaka Mahakama Kuu ipitie uamuzi na kuutengua, kibali unakiomba ndani ya miezi 6. Lakini ushahidi uko wapi? Alama, maswali yaliyoulizwa, aliyeandika nini kuhusu nani, vyote vimo kwenye faili la ofisi ileile unayoilalamikia. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inakuruhusu kuomba, na inaipa ofisi hadi siku 30 za kukujibu. Nusu ya siku zako 60 imeliwa, na bado wanaweza kukunyima. Vijana wengi hata hiyo barua ya kuomba taarifa hawaiandiki. Wanaambiwa wasubiri tangazo lingine, wanasubiri, muda unapita.

Ndiyo maana nilimwambia aandike usiku uleule: tarehe, saa, swali neno kwa neno, na nani walikaa naye kwenye benchi wakisubiri kuitwa. Barua ya kuomba alama aitoe nakala mbili, na moja irudi imegongwa muhuri wa mapokezi. Ukiombwa fedha au ngono ili upate kazi, hiyo ni jinai. Nenda TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, bila kungoja matokeo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo inapokea malalamiko, ingawa inachotoa mwishoni ni mapendekezo.

Nakubali, Sekretarieti ya Ajira, inayoendesha usaili wa kazi za Serikali, imetutoa mbali. Wapo tunaokumbuka kila idara ikijiajiria yenyewe, na ndugu wakijazana ofisi moja. Matokeo kubandikwa hadharani ni hatua. Ila orodha ya namba inamtosha aliyepata. Aliyekosa haimwambii chochote, na Katiba, ibara ya 22(2), haikusema fursa sawa ni ya waliopata.

Ninachotaka kinawezekana bila kusubiri Katiba mpya. Kila aliyefika kwenye mahojiano apewe alama zake na sababu za kukosa, bila kuandika barua wala kujuana na mtu masijala. Maswali ya jopo yarekodiwe. Barua za kupangiwa vituo zisitoke mpaka zipite siku 14 za kupokea pingamizi, na pingamizi lisikilizwe na watu ambao hawakukaa kwenye jopo lile. Wabunge wetu wanakutana hapahapa Dodoma, na kila wanapopita wanawaona vijana hawa kwenye foleni za usaili. Waliingize hili kwenye sheria.