Taa za LED na sola kwenye minara ya zamani ya kuongozea meli: swali ni umbali wa mwanga

Mwaka 2011, mnara wa Beachy Head, unaoongoza meli kusini mwa Uingereza tangu 1902, ulifungiwa taa ya LED. Honi ya ukungu ilizimwa, umbali wa mwanga ukapunguzwa hadi maili 8 za baharini, na lenzi kubwa ya Fresnel (kioo cha pete nyingi kinachokusanya mwanga kuwa mwale) ikabaki juu bila kazi. Ubishi juu ya kazi kama hizi huchanganya maamuzi mawili: umeme utoke wapi, na mwanga ufike wapi.

Kwenye umeme, sola inashinda wazi. Balbu ya wati 1,000 inayowaka mfululizo ndani ya lenzi inayozunguka hula wati-saa 14,000 katika usiku wa saa 14. LED ya wati 40 inayowaka sekunde 2 katika kila sekunde 20 hula wati-saa 56. Tuseme 70 pamoja na vidhibiti. Akiba ya siku 10 za mawingu ni wati-saa 700. Betri za risasi hazifai kushushwa chini ya nusu, hivyo zinahitajika Ah (ampea-saa) 120 hivi kwa volti 12. Safari za kupeleka dizeli ya jenereta kwenye minara ya miambani zinakwisha.

Lakini kuna mtego. Hali ya hewa ikiruhusu kuona maili 10, mwanga wa kufika maili 18 unahitaji ukali mara 60 wa ule wa maili 9, kwa sababu hewa yenyewe hula mwanga njiani. Mhandisi anayetaka paneli chache hushawishika kupunguza maili, na uamuzi wa usalama unapita kimyakimya kama wa kiufundi.

Lenzi ya zamani ndiyo iliyokuwa ikileta ukali huo. Kwa nini isitumike na LED? Lenzi nyingi zinazozunguka huelea juu ya zebaki, metali ya majimaji ambayo mvuke wake ni sumu. Kuiondoa zebaki na kuikalisha lenzi ya tani kadhaa juu ya beringi ni kazi ghali. Lenzi ya kuzunguka ikisimamishwa, hurusha miale pande chache tu, na jua la mchana likipita humo linaweza kuchoma vifaa vilivyo katikati, hivyo lazima mapazia. LED nayo ikikaa chini kidogo tu ya kitovu cha lenzi, mwanga hupanda angani.

Makosa mengine huonekana baadaye. LED nyeupe ina wekundu kidogo, hivyo kioo chekundu cha zamani huumeza mwanga na kufupisha umbali. Dawa ni LED nyekundu yenyewe. Saketi duni za LED huvuruga redio za VHF za meli. Balbu za zamani zilikausha chumba cha taa kwa joto lake. Zikitoka, unyevu hutanda kwenye vioo na chuma hushika kutu, basi matundu ya hewa yafunguliwe kabla ya kukabidhi kazi.

Wapo wanaosema maili si hoja tena kwa kuwa meli hujua mahali zilipo kwa GPS, na hoja hiyo ina uzito kwa meli kubwa. Kwa mashua ndogo ina uzito mdogo, na mawimbi ya GPS huzibwa. Kwa hiyo umbali ujadiliwe na wavuvi na manahodha kwanza, ndipo paneli zihesabiwe. Kisha mwanga upimwe usiku kutoka baharini, kila upande, kabla taa ya zamani haijafunguliwa boliti.