Maiti Anakoroma

Kuna watu pale Mlandege, hapa mjini Unguja, wakiniona mpaka leo hunitazama miguu kwanza, wahakikishe inagusa chini, ndipo wanitolee salamu. Siwalaumu. Mara ya kwanza kuniona nilikuwa chali nyuma ya kioo cha duka, shuka jeupe gubigubi, na walishaanza kuniombea.

Lakini nianzie mgongoni, maana ndiko balaa lilikotokea.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika skuli moja ya hapa mjini. Nusu ya kazi yangu ni kuandika ubaoni, nusu ya pili ni kuinamia madaftari. Miaka kumi na saba mgongo ulivumilia, kaskazi iliyopita ukasema basi. Nikawa naamka kwa vituo kama daladala: nageuka ubavu, nasimama; nateremsha mguu, nasimama; nateremsha wa pili, halafu naita mtu. Alfajiri moja niliinama kutia udhu nikabaki hapo hapo, uso umeelekea ndoo, mpaka mwanangu wa miaka sita akaja kuniuliza nimeangusha nini.

Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, akaninyanyua mguu mmoja mmoja, akaanza maswali. Ganzi miguuni? Hakuna. Miguu inaishiwa nguvu? Hapana. Haja ndogo unaweza kuishika? Hilo nililijibu kwa mnong'ono, kwa sababu mlango ulikuwa wazi na kwenye foleni nilikwishawaona wazazi wawili wa wanafunzi wangu.

"Sikusikii, Maalim. Haja ndogo!"

"Naishika!" nikapaza sauti, na foleni nzima ikapumua.

Akaniambia ni kiuno cha kawaida tu, nisijilaze mchana kutwa, nitembee. Nimeshashika kitasa cha mlango akaongeza: "Na hilo godoro lako litazame." Neno hilo ndilo lililoniponza.

Nyumbani, mama mkwe wangu hakuafiki. Alikuwa amevuka kutoka Pemba kwa arusi ya siku tatu, na wakati huo alikuwa kwenye wiki ya tano.

"Godoro gani tena?" akasema. "Sie tulilalia usumba, mwenye uwezo ndiye aliyelalia sufi. Mwaka mara moja unalitoa juani, unalichapa fimbo, unalirudisha. Na migongo yetu imenyooka kama minazi."

Minazi yote niijuayo imepinda, lakini mkwe hajibiwi.

Na mimi si mtu wa kununua kitu kwa kuambiwa. Nikaingia kwenye simu, nikasoma usiku kucha. Tangu utoto tunaambiwa mwenye mgongo alale pagumu, ikibidi sakafuni. Kumbe mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Hispania: watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu waligaiwa magodoro bila kujua nani kapewa lipi, wengine magumu, wengine ya kati na kati, wakayalalia siku 90. Wa kati na kati ndio waliopata nafuu zaidi. Nikamwamsha mke wangu kumpa habari hii. Akauliza kama Wahispania hao walikuwa na waume wanaowasha simu saa saba za usiku. Kutoka chumba cha pili mkwe naye akauliza Wahispania ndio nani.

Asubuhi nikashika daftari. Wauza magodoro wote wana herufi mbili mdomoni, HD, yaani "high density", kana kwamba zimeteremka pamoja na mvua. Nikasema hapana, hii ni densiti, na densiti ni uzito gawanya kwa ujazo, nawafundisha watoto kila mwaka. Godoro la futi 5 kwa 6, unene inchi 8, ujazo wake unakaribia mita za ujazo 0.57. Kama kweli sponji yake ni ya kilo 32 kwa kila mita ya ujazo, lazima litimize kilo 18. Likija na kilo 14, nimeuziwa hewa. Tena uzito si ugumu, watu huchanganya hapo. Ugumu unauhisi siku ile ile ukilibonyeza. Uzito ndio unaokwambia litakaa miaka mingapi kabla halijafanya shimo.

Sasa mizani. Za maabara ya skuli hazifiki hata kilo mbili. Nikaazima ya kuning'iniza kwa jirani yangu anayeuza pweza, nikaifuta kwa kitambaa, nikaitia mkobani pamoja na futi kamba. Nisingeifuta kwa kitambaa. Ningeichemsha.

Ilikuwa Ijumaa, skuli tumefunga mapema. Jana yake nilikuwa nimesimama mbele ya watoto mistarini nikawaambia, kidole juu: kesho nisisikie mtu anazurura madukani wakati wenzake wako msikitini. Nakitaja kidole kwa sababu baadaye kilinirudia. Simu nikaizima sauti kabisa, kwa ajili ya hotuba.

Saa tano na nusu nikaingia dukani Mlandege. Mwenye duka ni mzee mtaratibu wa kanzu na kofia ya kiua. Mwanzo alifurahi. Akanipeleka kwanza kwenye lile godoro la bei mbaya, ukilibonyeza linabaki na alama ya kiganja kisha linajaa polepole kama unga wa mahamri. Akanambia limetokana na wale waliokwenda mwezini. Safari hii hakudanganya, sponji ya namna ile ilibuniwa Marekani mwaka 1966 katika mradi wa NASA, kwa ajili ya viti vya ndege. Ila ina tabia moja: kwenye baridi hukaza, kwenye joto hulainika. Nami naishi Michenzani, ghorofa ya tatu, kaskazi, umeme wa kubahatisha. Nililala juu yake dakika mbili likanimeza mpaka masikio. Kutoka tulishikana mikono.

"Nataka la kati na kati, ami," nikamwambia, "na nitalipima."

"Pima bwana, futi zipo."

Nikatoa mizani. Duka zima likageuka pweza.

"Maalim," akasema mzee, ameziba pua kwa ncha ya kanzu, "unanunua godoro au papa?"

Tukaning'iniza la kwanza kwenye ndoano ya feni, kijana wa duka ameshika huku, mimi kule. Kilo 13 na nusu. La pili 15. La tatu, kilo 18 na kidogo! Nikapiga kelele ya furaha ambayo mteja hapigi kabla ya kupatana bei. Likatandikwa juu ya kitanda cha maonyesho, nyuma ya kioo kikubwa cha mbele, shuka jeupe limekunjwa miguuni.

Kulijaribu godoro kuna adabu yake. Hukai ukingoni ukarukaruka kama mtoto. Unavua viatu, unalala vile unavyolala kwako, unapitisha kiganja chini ya kiuno: kikipita na kubaki na nafasi, godoro gumu mno; kikikataa kupita, umezama. Kiganja changu kikapita kwa kujisugua kidogo tu. Halafu unakaa robo saa bila kujitikisa, mwili useme wenyewe.

"Robo saa?" Mzee akatazama saa ya ukutani. "Haya. Mie natangulia, nipate safu ya mbele. Kijana akirudi kutoka kupeleka mzigo mtamalizana."

Nikabaki na feni, na godoro, na nzi. Nzi wa Darajani wote, naapa, walikuwa wamepata habari za ile mizani. Wakanitua puani, wakanitua kope. Nikavuta shuka mpaka juu ya kichwa, nikakunja mikono kifuani, nikasema robo saa ikipita nitaisikia tu.

Kijana alirudi, akakuta duka halina mtu, na juu ya kitanda kuna kitu kirefu kimefunikwa. Aliniapia baadaye kwamba alidhani tajiri wake kaanza mtindo mpya wa kupamba mito. Akateremsha geti la vyuma, akafunga kufuli mbili, akaenda Ijumaa.

Nilicholala siku ile sijawahi kulala tangu niko tumboni.

Kilichoniamsha ni sauti, kwa mbali, kama nimo ndani ya chupa. Mwanamke anasema "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Mwanamme anauliza ni mwenye duka? Wa tatu anajibu mwenye duka kasali pembeni yangu sasa hivi, huyu labda baba yake. Mwengine akatoa shauri msiba usiwekwe dirishani, si heshima. Mimi usingizini nikamwonea huruma huyo marehemu. Halafu sauti nyembamba, ninayoijua vizuri sana kwa sababu hukaa nyuma darasani na haijawahi kunijibu swali moja kwa usahihi, ikasema:

"Maiti anakoroma."

Nikakaa. Shuka likakaa nami, bado kichwani.

Sitaki kusimulia kilio. Nilipolivua shuka, njia ilikuwa nyeupe, kofia mbili zimelala chini, na muuza kahawa yuko peke yake, birika mkono huu, vikombe mkono huu, hajui aweke kipi akimbie na kipi. Kidogo kidogo watu wakarudi. Wakagandisha nyuso kwenye vyuma. Mstari wa mbele nilihesabu wanafunzi wangu sita, kanzu safi, mkononi miswala. Wametoka kusali. Nikawaonyesha kwa ishara: mimi, godoro, mgongo, robo saa, kufuli. Yule wa sauti nyembamba akatikisa kichwa kama kaelewa, kisha akainua kidole, vile vile kama nilivyoinua mimi jana, akangoja nimruhusu. Sikumruhusu. Akauliza hivyo hivyo, nikaisoma midomo yake kioo kikiwa kati yetu: "Maalim, umesali?"

Simuni nilikuta simu kumi na tatu za mke wangu. Funguo zilikuwa na kijana, na kijana alikuwa Fuoni kwa shangazi yake, kwenye biriani. Saa nzima na dakika zake nimekaa dirishani kama kasa wa kufugwa. Watu wakawa wanaleta wenzao. Nikapata chupa ya maji nyuma ya magodoro, nikatia udhu, nikasali Adhuhuri yangu rakaa nne huko huko gizani, maana kurudi mbele ya kioo kuinama na kuinuka ningeambiwa nimelipwa.

Mzee hakunigombeza. Alifungua geti, akautazama umati, akanitazama, akamgeukia umati.

"Jamani mmejionea. Nimesema mie neno?"

Mpaka Alasiri alikuwa ameuza manne. Mimi akanipunguzia elfu ishirini, nikalipa laki tatu na ushee, nikatafuta mchukuzi, tukalipandisha ghorofa ya tatu, mimi mbele yeye nyuma, majirani kila mlango wakiuliza hali ya marehemu. Habari hapa mjini haipandi ngazi, inakungoja juu.

Usiku ule nikatandika mwenyewe, nikalala kwa bismillahi kubwa. Alfajiri nikaamka kwa vituo vile vile. Siku ya pili vibaya zaidi. Tulikuwa tukilala kila mtu upande wake, tukiamka tumekutana katikati kama maembe kwenye kikapu. Nikalipima tena: kilo 18 na kidogo. Nikapitisha kiganja: kimekataa. Dukani kilipita! Godoro ni lile lile, kiuno ni kile kile. Nikakaa na daftari siku tatu nikitafuta kosa kwenye hesabu. Nikafikia mpaka kushuku joto.

Siku ya nne tasbihi ya mkwe ikamponyoka, ikaviringika chumbani kwetu ikaingia mvunguni. Bi mkubwa akapiga magoti, akaingiza kichwa. Kimya kirefu. Kisha sauti kutoka chini:

"Huyu ngamia anafanya nini huku?"

Nikakumbuka. Mwaka uliopita nilitaka rafu ya madaftari. Mbao ghali. Nikachomoa chaga tatu za katikati za kitanda, msaji safi, na pengo nikaliziba kwa maboksi ya tende yaliyobaki Ramadhani, makaratasi magumu yenye picha ya ngamia. Nikajiambia ni ya wiki moja. Rafu ikatoka nzuri sana, ndiyo hiyo nilikuwa nimeiegemea nikipiga hesabu za densiti. Maboksi nayo yakanywea kidogo kidogo na jasho la kaskazi, na kiuno changu kikanywea nayo.

Mkwe akatoka mvunguni, kajaa vumbi kwenye ushungi, tasbihi mkononi. Akanitazama mimi, akaitazama rafu.

"Na wale Wahispania wako," akauliza kwa upole kabisa, "nao walitiliwa ngamia?"

Fundi aliweka chaga mpya kwa pesa isiyofika hata ile niliyopunguziwa. Wiki ya pili nikawa nainama kwenye ndoo na kuinuka bila shahidi. Godoro la zamani nililotaka kulitupa, mkwe alilishika, akalichapa fimbo barazani mpaka jirani wa chini akalalamika, akalitandika juu ya jamvi chumbani kwake. Anasema halijambo hata kidogo, na kwamba arusi nyengine iko mwezi ujao, hana haja ya kwenda na kurudi.

Mlandege sasa napita upande wa pili wa njia. Hainisaidii. Kila Ijumaa ikikaribia saa sita, nasikia, yule mzee kabla hajateremsha geti huingiza kichwa ndani, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka Darajani:

"Maalim! Umo?"